Makofi ya Msitu wa Chemchemi

Mbekenyera, Machi 2005

Kwako kaka Amiri,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute homa imeshakuachia, na wifi na mtoto wawe wazima huko Ruangwa mjini. Sisi tupo. Mama anakusalimu. Bibi miguu inamsumbua, lakini mdomo hauumwi. Kaka, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nilitaka kulianza hapa juu, nimeshindwa. Soma polepole, nitafika.

Yule mfanyabiashara wa magogo alikuja kijijini mwaka jana, korosho zilipokwisha. Mwenyekiti wetu, Mzee Huzaifa, akaitisha mkutano wa hadhara, akasema mgeni ataleta saruji ya darasa, sisi tumpe miti ya mbao, mikongo na mininga, ya msitu wa chemchemi. Halafu akaomba mgeni apigiwe makofi ya kilo. Tukapiga. Kwetu nani anamnyima mgeni makofi? Tulipomaliza tu, akamgeukia mtendaji wa kijiji, akasema andika, wananchi wamepitisha. Watu wakatazamana, mkutano ukafungwa kwa dua.

Upande wa juu wa msitu ukakatwa wote. Mwaka huu mvua ilinyesha kidogo, ikakata. Ufuta tumepanda mara mbili, wote umeungua ungali mchanga. Chemchemi ni tope. Mama anachota kwa kata, anangoja, anachota tena. Jiografia shuleni tunasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo habari za miti na mvua nilizijua zote, ila sikujua namna ya kumwambia Bibi. Siku moja jikoni nikajaribu. Nikamweleza kwamba dunia nzima inazidi joto, na hilo kijiji peke yake hakiliwezi, lakini msitu ndio unaotutunzia maji, na tukiukata tunalisaidia jua kutumaliza. Akanisikiliza, kisha akaniambia kwa Kimwera nikayaseme hayo mkutanoni. Nilicheka. Unanijua, mimi hata kuitika jina darasani natetemeka.

Jumanne mgeni akarudi. Safari hii anataka upande wa chini, unaozunguka maji yenyewe. Mzee Huzaifa akaomba tena makofi ya kilo. Sijui nilisimamaje. Nikasema, "Shikamooni. Mgeni nampokea, ila leo sipigi makofi. Msitu sijautoa."

Kijana mmoja nyuma akasema, "Keti, we mtoto, chaki imekupanda kichwani," watu wakacheka. Lakini Bi Rabia, aliyekaa mbele yangu, akaingiza mikono yake ndani ya kanga. Jirani yake akafanya vilevile, na yule wa pili, hadi mkeka mzima wa wanawake hauonekani mkono. Mtendaji akabaki na kalamu hewani.

Mzee Huzaifa hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliniita mwanangu. Akaniuliza taratibu kama maneno yale nilifundishwa na Mwalimu Gwakisa, yule wa kutoka Mbeya. Mfanyabiashara alikuwa ananitazama. Baba alikuwa anatazama chini.

Kaka, niliitikia kwa kichwa. Ndilo jambo lenyewe. Mwalimu hakujua lolote. Hata mkutanoni hakuwepo, alikuwa Nachingwea kusahihisha mitihani. Maneno yalikuwa yangu, nikamtoa yeye badala yangu.

Aliporudi alikuta baiskeli yake imechomwa mlangoni. Jana bati lake lilipigwa mawe. Leo asubuhi wametangaza kwamba baada ya swala ya Ijumaa, leo hii, vijana watamtoa hadi barabara kuu, kisha mkutano urudiwe na makofi yapigwe. Amejifungia ndani, na hajui ni nani aliyemtaja.

Swala imekwisha. Bibi atampa utingo wa gari barua hii. Ukiipata, nenda ofisi ya maliasili ya wilaya, uwaambie kijiji hakijapitisha. Usingoje upone vizuri. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda kwa Mwalimu, nisimame mlangoni kwake niwaambie wote kwamba hakunifundisha mtu.

Lakini kuna hatua uani kwetu. Si za Baba peke yake. Mmoja amevaa buti, na hawajapiga hodi. Nilikuwa nimeshaikunja karatasi niisukume chini ya mkeka. Nimeikunjua. Waingie wanikute naandika.

Nisalimie wifi, na mtoto umbebe kwa ajili yangu.

Ni mimi niliyesema, na hakunituma mtu,

mdogo wako,
Hafidha