Kromatini Imegoma Kujikunja

Jumatatu, 3 Machi
Imefunguka. Tena! Mara ya tatu. Seli hizi za panya zimeondolewa protini moja, ile inayoshikilia kundi zima la protini wenzake. Bila hiyo kundi halina nguvu ya kuifungua kromatini, ule uzi wa jeni ndani ya seli. Ilipaswa kujikunja kama konokono aliyeguswa. Yangu imejianika kama nguo kambani.

Prof, msimamizi wangu, katazama picha sekunde mbili. Kasema: rudia. Makala ya Dada ilionyesha inajikunja, basi itajikunja. Dada — sote tunamwita hivyo — alihitimu mwaka jana kwa seli hizi hizi. Ndiye aliyenifundisha hata kushika pipeti.

Rudia! Kana kwamba nimekosea kufua shuka.

Jumatano, 5 Machi
Mama kapiga simu. Unamaliza lini? Nikamweleza: kila seli ina uzi wa mita mbili, umezungushwa kwenye vigurudumu vya protini ili uenee humo ndani. Kuna protini nyingine, zinafanya kazi kwa kundi, zinasukuma vigurudumu hivyo ili jeni zisomeke.

"Miaka minne, mwanangu, unafungua uzi?"

"Hapana, Mama. Unanishinda kufunga."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudia. Imefunguka.

Mzee Barafu, fundi anayetunza friza zetu, kanikuta napiga meza. Kaniuliza: umewahi kupima kama hiyo protini kweli haimo? Nikamjibu vibaya — seli za Dada hizo, zimeshachapishwa! Akasema karatasi haina seli ndani yake. Akaenda zake.

Kinachoniudhi: sijawahi kupima.

Jumanne, 11 Machi
Protini imo. Imo! Tele, sawasawa na kwenye seli za kawaida. Miezi minane nimelinganisha kitu na chenyewe. Mjinga ni mimi.

Au nilizichanganya mwenyewe? Mzee Barafu kanitolea kichupa cha kwanza kabisa, alichogandisha Dada kwa mkono wake. Hakijafunguliwa tangu siku hiyo. Nitapima hicho.

Alhamisi, 13 Machi
Imo humo pia.

Sasa zile picha zake za kromatini iliyojikunja zilitoka wapi? Labda aligandisha chupa siyo. Labda. Natafuta labda kwa tochi. Angekuwa mtu mwingine ningeshapiga kelele jengo zima.

Nimempigia Dada, nikamwambia kichupa chake kina protini. "Mdogo wangu, usimwambie Prof kwanza. Nakuja kesho."

Hakuuliza nilipimaje.

Ijumaa, 14 Machi
Kafika saa nne asubuhi. Kanikumbatia kwa nguvu. Kabla hatujakaa Prof akatokea koridoni — mwanafunzi wangu bora! — akamvuta ofisini. Mlango ukafungwa. Niko kwenye benchi nje, naandika ili mikono ipate kazi.

Wanacheka humo ndani. Wanacheka nini?

Sasa hawacheki.

Prof katoa kichwa: nilete daftari langu la maabara. Dada anasema huenda nimechanganya chupa. Mimi! Na majibu ya kichupa chake nilimwambia mwenyewe jana, kwa mdomo wangu! Namwona kwa upenyo wa mlango, anachokonoa ukucha.

Daftari ninalo, liko chini ya hili ninaloandikia. Kipimo cha jana cha kichupa chake kimo, na tarehe yake. Prof ananiita tena, sasa kwa hasira. Dada kasimama, anakuja mlangoni, anatikisa kichwa taratibu — ananikataza kulipeleka, au ananiomba —