Chupa ya Sake Wodi ya Ini

Fumiko, shoga yangu, uso bado unaniwaka. Nimempelekea daktari wa ini pombe. Pombe, Fumiko! Wodi ya ini!

Unajua mzee wangu Shigeo wanamtilia seli za ini zilizooteshwa maabara kutoka kwenye seli shina, maana ini lake limegoma. Leo ilikuwa awamu ya pili. Sharti lao ni kwamba akinywa tone moja tu, anaondolewa kwenye matibabu.

Nami nikaenda kushukuru. Miaka hamsini kijijini kwetu tunashukuru kwa sake yetu ya mchele, basi mikono ikaifunga chupa kwenye kile kitambaa changu cha zambarau cha zawadi bila kukiuliza kichwa.

Daktari Kanzaki akaipokea kwa mikono miwili, akainama, akafungua. Akaniangalia mimi, kisha mzee kitandani.

"Bibi, hii ni ya nani?"

Mzee, macho ya manjano kama figili ya achari, akadakia: "Si yangu! Ingekuwa yangu ingefika tupu!"

Ingefika tupu! Anamwambia daktari!

Wakampima damu kuona kama ameonja. Saa nzima nimekaa nikiwaza nimemuua mume wangu kwa adabu. Muuguzi mmoja akanifunika blanketi magotini.

Damu ikawa safi. Seli zimeingia mchana huu.

Daktari akanirudishia chupa. "Itunze, Bibi. Macho yake yakiwa meupe, uniletee mimi. Yeye umpe chai."

Shigeo amenuna mpaka sasa. Chai, anasema, chai! Fumiko, mtu anayenuna hivyo hafi leo.