Viatu vya Mlangoni

Jumapili, 6 Julai

Nimekamua. Nimepeleka maziwa barabarani. Niliporudi gambuti zangu hazikuwa zizini nilikoziacha. Ziko mlangoni tena, zimeoshwa, zimepangwa na viatu vya wengine kama vya wanafunzi wa bweni. Nimezivaa nikarudi nazo kwenye matope. Kesho ataziosha tena.

Ni Mogaka, ndugu yangu mdogo. Amefunga kibanda chake cha viatu vya mitumba kule Keroka, akaja hapa Nyansiongo na mkewe Bosibori, magunia ya viatu, na simu. Anasema saa ya kukimbia miji na kwenda milimani imefika. Mlima wenyewe ni shamba langu. Hakuniuliza.

Kila mtu ametengewa jozi yake mlangoni, tayari kwa kutoroka. Yeye, mkewe, mimi. Bosibori ana mimba ya miezi minane. Atakimbia kwenda wapi na tumbo lile?

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Mvua ya mawe kidogo mchana, mahindi yamenusurika.

Nilimwomba Mogaka anisaidie kupanda majani ya nepia pale chini mtoni. Akasema, "Dada, kwani utakuwa hapa Desemba kulisha hiyo ng'ombe?" Nikamwambia sijui ya Desemba, lakini jioni hii nipo na ng'ombe ana njaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu nimempa. Ameliegemeza ukutani.

Mhubiri wake wa kwenye simu hanyamazi. Sijui ni wa wapi. Anafoka tangu alfajiri: vita, tauni, mnyama, moto. Leo Mogaka aliileta simu hadi zizini ili nami nisikie. Malkia, ng'ombe wangu, alikataa kuachia maziwa. Nimemfukuza ndugu yangu kwa ufagio.

Ijumaa, 11 Julai

Tarehe ya kliniki ya Bosibori imepita. Nimeuliza kwa nini. Mogaka amemkataza. Eti siku hizi wanawaingiza wajawazito kwenye kompyuta na kuwapa namba, na namba hiyo ndiyo chapa ya yule mnyama wa Ufunuo. Namba ya kitambulisho anayo tangu ujana. Namba ya simu anayo, tena mbili. Ya kliniki ndiyo ya mnyama!

Kilichoniuma zaidi ni Bosibori. Tulikuwa tunachambua maharagwe, akaniuliza polepole kama amelaaniwa. Kwa nini? Kwa sababu ya yale maneno ya Yesu juu ya wenye mimba siku za kukimbia. Yule wa kwenye simu huyarudia kila siku kama matusi. Nilimwambia Yesu alikuwa akiwahurumia, si kuwalaani. Mtu akisema "ole wao, masikini" huku machozi yanamlenga, si laana hiyo.

Sijui kama alinisikia. Hana hata nepi moja aliyoweka. Nimekasirika mpaka nimekata kidole kwa kisu cha vitunguu.

Sabato, 12 Julai

Mzee wa kanisa alihubiri juu ya wanawali kumi na taa zao. Akatukumbusha jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani: wote kumi walisinzia. Hata wale wenye akili. Kumbe mtu anaweza kumngoja Bwana na akapata usingizi. Nilitaka Mogaka alisikie hilo. Alikuwa nje chini ya mwavuli na simu yake.

Mimi pia namngoja Bwana. Nimemngoja tangu nikiwa msichana, na nilimzika mume wangu nikimngoja. Sioni kwa nini nimngoje kwa kutetemeka.

Jumatano, 16 Julai

Nimesema uongo, Mungu anisamehe. Nilisema naenda na Bosibori sokoni kununua uzi wa sufu. Uzi tulinunua kweli. Halafu tukapita dispensari.

Muuguzi alimpapasa tumbo, akampapasa tena, na hilo halikunipendeza. Mtoto hajageuka. Amekaa, matako chini, kichwa juu. Akatuambia asije akathubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, hospitali, hata kama ni saa ngapi.

Jioni nikamwambia Mogaka yote, pamoja na uongo wangu. Akasema Mungu ndiye atakayechagua. Nikamwambia Mungu ameshachagua, amemleta muuguzi aseme, wewe ndiye unayeziba masikio. Tukapigiana kelele mpaka jirani, Mzee Ong'era, akasimamisha pikapu yake langoni kuuliza kama kuna msiba. Aibu.

Nimeanza kufuma kofia ya mtoto. Mogaka aliiona mikononi mwangu akatoka chumbani. Mlango aliupiga.

Jumapili, 20 Julai

Leo nimejua.

Bosibori aliniambia tukiwa tunaanika nguo. Mwaka jana walipompoteza yule mtoto wa kwanza, Mogaka alikuwa ameshanunua kila kitu. Blanketi, beseni, nguo za rangi mbili kwa kuwa hawakujua ni wa kike au wa kiume. Na viatu. Kutoka kwenye mzigo wake wa mitumba alikuwa akichagua vizuri vizuri tangu mwezi wa tatu wa mimba, anavipiga rangi, anavifunga kwenye gazeti. Baada ya maziko alivigawa vyote kwa siku moja. Hakulia. Mhubiri wa kwenye simu alikuja baada ya hapo.

Nilikuwepo kwenye maziko yale. Nilimwona hajalia nikamsifu kwamba ni mwanamume. Mjinga mimi.

Kwa hiyo si mnyama anayemwogopa. Anaogopa mwezi wa nane, mkewe anapotarajiwa kujifungua. Anaona heri dunia iishe kabla ya siku ya kuzaa, asije akatumaini tena.

Nimelia nyuma ya ghala. Kisha nikaliona jembe langu limelala kwenye mvua, mpini umevimba, hasira ikarudi palepale.

Alhamisi, 24 Julai

Mvua. Matope. Viatu mlangoni. Kofia imekwisha, imekuwa kubwa kidogo. Nilijaribu kumwambia Mogaka kwamba najua. Badala yake nikamwambia aniletee kuni.

Sabato, 26 Julai

Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Mvua inanyesha, baridi ya kuuma mifupa. Bosibori alikuwa anasuka nywele, akaacha katikati, akashika meza. Maji yakamwagika. Nyasae, Mungu wangu! Uchungu umewahi.

Mogaka alitoka bafuni akiwa na taulo shingoni na suruali ya kanisani. Akasimama tu. Uso umekuwa wa majivu. Nikamwambia tuondoke. Akaanza kusema yale maneno ya Bwana, kwamba tuombe kukimbia kwetu kusiwe wakati wa baridi wala siku ya Sabato. "Na leo ni baridi, dada. Na leo ni Sabato."

Nilimshika shati ambalo hakuwa amelivaa, yaani nilimshika taulo. Nikamwambia: "Mogaka, alisema tuombe. Basi omba ukikimbia!" Kisha likanitoka na lile jingine, mbele ya mkewe: "Si viatu ulivyomnunulia vilivyomuua yule wa kwanza."

Alinitazama kama nimempiga kofi. Halafu akambeba mkewe.

Namshukuru Mungu kwa Mkatoliki anayefanya kazi Jumamosi. Mzee Ong'era alikuwa anapakia mbao. Alizitupa matopeni bila kuuliza neno, tukaingia kwenye pikapu.

Hospitalini wakasema ni upasuaji, sasa hivi, mume atie sahihi. Karani akamwuliza namba ya kitambulisho. Nikashika roho. Mogaka aliitaja kwa sauti, yote, bila kusita, akairudia asije akakosewa. Kwenye kompyuta ikaingia.

Ndipo nilipotazama chini. Miguu yake mitupu, matope mpaka vifundoni, kwenye sakafu ya simenti, Julai. Viatu vyote vile mlangoni vikingoja siku ya kukimbia, na siku imefika, mwenyewe amekimbia bila viatu. Nilicheka. Kisha akacheka. Kisha akalia, hatimaye, kichwa chake begani kwangu, mtu mzima, na watu wakitazama. Nikawaacha watazame.

Bado hawajatoka.

Wametoka. Msichana. Analia kwa sauti kubwa kuliko mhubiri. Bosibori yuko hai.

Jumatatu, 28 Julai

Wamempa jina la mama yetu, Kemunto. Kofia inamfika puani. Bosibori anasema usingizi wa juzi ndio wa kwanza mzuri tangu Aprili, na alikuwa na nyuzi tumboni.

Mimi nimerudi kukamua. Simu ya Mogaka iliyosahauliwa kitandani imeishiwa chaji. Sijaigusa.

Ijumaa, 1 Agosti

Wamefika nyumbani. Mtoto ananyonya vizuri. Mvua imepungua, mahindi yanaanza kukomaa.

Mogaka hajabadilisha anachoamini, tusidanganyane. Bado anasema Bwana yu karibu. Mimi pia nasema hivyo. Leo asubuhi alilitafuta jembe mwenyewe, akapanda nepia pale mtoni mpaka saa nne. Mistari imepinda. Nimeiacha hivyo.

Mchana alikwenda Keroka kufungua kibanda. Magunia ameyarudisha. Jioni nikakuta mlangoni pamebaki gambuti zangu tu, na matope yake. Aliporudi alitoa kitu mfukoni, kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka mezani karibu na chai yangu. Viatu vya ngozi, vyekundu, vya kamba, vimepigwa rangi. Vya mtoto wa miaka mitatu, au minne.

Nikamwuliza ana wazimu gani. Mtoto hajamaliza wiki, kofia tu inamzamisha.

"Atakua," akasema.

Nimeviweka juu ya kabati, mbali na panya. Sasa niende nifungue Sabato, maji ya kuoga yamechemka.