Lile Lori la Jomvu Kuu

Ngowa, wallahi leo nimeona mambo!

Nilikwenda Jomvu Kuu kuliangalia lile lori linalouzwa, nibadilishe hili langu linalokunywa dizeli kama linafuturu.

Mwenyewe ananiambia, "Halijawashwa tangu juzi, lakini ukigusa ufunguo tu linanguruma."

Nikashika injini. Moto! Kidole kimebabuka!

Kumbe amelipasha kabla sijafika. Nikamwambia, "Basi tunywe kahawa kwanza, lipoe."

Likapoa. Likagoma kabisa. Eti halijawashwa tangu juzi!

Na unajua nani amelivuta mpaka likawaka? Hili hili langu, lafi, ninalolitukana kila siku.

Yule muuzaji akalizunguka langu, akalipigapiga ubavuni. "Sheikh, hili lako huuzi?"

Nikamwambia, "Siuzi. Linakula sana, lakini asubuhi linaamka."