Sauti Yangu kwenye Spika za Mhembwe

Jumatano, 10 Januari

Sijamwambia mtu. Naandika hapa kwanza: ile sauti ya kike kwenye spika za stendi ya kampuni ya mabasi ya Mhembwe, inayosema "Abiria wa Gutu, basi lenu liko tayari" — ni mimi.

Mimi! Niliyekimbia jukwaani kidato cha pili, shairi nikaliacha katikati. Shuleni waliniita Bubu. Leo nimeenda kununua mkate, nikaisikia sauti yangu juu ya vichwa vya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia. Muuza mayai anamwambia mwenzake eti huyo dada lazima ni mtangazaji wa redio, mrefu, anavaa wigi. Nilicheka hadi mkate ukaniponyoka.

Baba mdogo Gondai ndiye aliyenirekodi. Yeye yuko ofisi ya ratiba. Nilipomaliza mtihani nikaja kukaa kwake hapa Masvingo, alinipeleka stoo ya matairi, kwa sababu huko hakuna mwangwi. Nikasoma, simu yake ikirekodi. Majina ya vituo, moja moja. Siku za wiki. Kisha vipande: liko tayari. Limechelewa. Pandeni kwa utaratibu. Safari zimesitishwa kuanzia.

Hicho cha mwisho nilimuuliza. Akasema ni cha siku mto ukifurika tu. Kompyuta itaviunganisha yenyewe. Ila nisimwambie mtu, hata Bibi, wenzake watasema amejaza ndugu ofisini.

Chemhare nilirudia mara tatu ndipo nikaridhika. Nyumbani lazima paitwe vizuri.

Ijumaa, 12 Januari

Bibi amekuja na karanga zake. Basi la Chemhare huingia stendi kabla ya yote, maana alfajiri linatoka uani kwake — ndiko linakolala. Ameshuka kutoka kiti cha mbele, chake tangu enzi. Nauli halipi na hakuna anayemdai.

Tapera, kondakta, akapokea kikapu. "Bibi, umeweka mawe humu?"

"Mawe yako kichwani mwako, mwanamume mzima huna mke!"

Spika ikalia. Mimi. Bibi akasimama kama yuko kanisani. "Huyu binti amelelewa," akasema. "Sikia anavyoiita Chemhare. Kama anamwita mtu wake. Siku moja nitamletea karanga."

Nikatafuna za kwangu.

Jioni, wakingoja kuondoka, akamsimulia Tapera yale yale. Mzee Mapfumbate, mwanzilishi wa kampuni, alikuwa na basi moja tu, la kwanza la Mhembwe, likazama mchangani mtoni kwetu. Babu akafunga maksai wanane. Walivuta kutwa nzima, mmoja akavunjika mguu. Babu hakutaka kulipwa. Mzee akala sadza, ugali wetu, uani kwake, akaapa: Mhembwe ikibaki na gurudumu moja, gurudumu hilo litalala hapa.

Na likalala. Wakati wa vita walilifunika kwa matawi. Mafuta yalipokosekana nchini lilikaa wiki mbili, kuku akatagia kiti cha dereva. Mpaka leo dereva na kondakta wanakula kwa Bibi, na maji ya rejeta yanatoka kisimani kwake.

"Na huyo kuku alikatiwa tiketi?" Tapera akauliza.

"Alilipa kwa mayai. Wewe unalipa nini?"

Jumapili, 14 Januari

Wageni wa ofisini wamekuja kula kwa baba mdogo. Nilikuwa naosha vyombo. Wajukuu wa Mzee Mapfumbate wameshauza kampuni. Wenye kampuni wapya wanataka mabasi marefu ya barabara kuu, na wanataka yote yalale yadini, chini ya taa na walinzi.

Mmoja akauliza, na vijiji je? Baba mdogo akacheka. Eti kule kuna vumbi na wazee tu.

Kule wapi? Yeye mwenyewe amezaliwa Chemhare! Basi hilo hilo lilimpeleka sekondari, Bibi akiwa amemfungia mahindi ya kuchoma.

Lazima alikuwa anazungumzia kwingine.

Jumatano, 17 Januari

"Abiria wa Chemhare, safari zimesitishwa kuanzia Jumamosi."

Sijawahi kusema sentensi hiyo. Sijawahi! Lakini kila neno ni langu. "Chemhare" ni ile ya mara ya tatu, niliyoisema nikitabasamu. Tabasamu linasikika. Ndilo lililonichoma zaidi.

Mbingu nyeupe, hakuna wingu. Mto uko mahali pake.

Mama mmoja alikuwa na godoro kichwani. Akalishusha, akakaa juu yake, akatazama spika kama vile ingeongeza neno. Mzee mwenye baiskeli akaifokea spika: "Na wewe, mchawi wa kike! Wangemleta mwanamume tumtukane vizuri!" Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Nilisimama karibu naye kabisa. Ningeweza kumgusa.

Usiku nilimwuliza baba mdogo. Kwa mara ya kwanza nilimwuliza kitu nikiwa nimesimama, si kwa magoti kama desturi. Si ulisema ni mto?

Hakukasirika hata kidogo. Ndiyo mbaya zaidi. Akasema hesabu ndizo zimekataa, si yeye, lile basi linavunjika springi kila mwezi. Kisha: "Angesema mwingine, wangevunja vioo. Sauti yako inawatuliza watu, mwanangu. Ndiyo maana nilikuchagua wewe."

Nilikuchagua. Kwa hiyo alishajua tangu Desemba. Kule kwenye matairi, aliponinunulia kuku na soda na kuniambia Mungu amenipa kipawa — alishajua.

Akanisogezea sahani, akaomba mboga zaidi. Nikampa. Nikampa!

Alhamisi, 18 Januari

Sikutoka nje. Upepo ukitoka upande wa stendi naisikia sauti yangu mpaka jikoni.

Ijumaa, 19 Januari

Bibi amepiga simu. Dereva wao, yule tunayemwita kwa mnyama wa ukoo wake, Simba, ameshamwambia. Usiku huu basi linalala uani kwa mara ya mwisho. Kesho linatoka na halirudi. Bibi amechinja kuku wawili. Simba hakula. Alikwenda kuzunguka basi na tochi, akipigapiga matairi.

Nilidhani atalia. Aliongea kama anayepanga harusi. Eti yule binti wa kwenye spika amedanganywa. Mtu anayeita Chemhare vile hawezi kutufungia mlango. Kesho anakuja kumwona.

Nikasema, Bibi, ukija utarudi na nini?

"Nimekuuliza?"

Jumamosi, 20 Januari

Naandikia nyuma ya kibanda cha tiketi.

Basi lilichelewa. Wakashuka wote, Bibi wa mwisho. Tapera nyuma yake, na begani — nira ya Babu! Ile ya maksai, ambayo imening'inia jikoni miaka yote, nyeusi kwa moshi.

"Bibi anataka kuivuta ofisi," Tapera akawaambia watu. Hakuwa anacheka.

"Ikikwama nitaivuta," Bibi akasema. Akaketi kwenye benchi chini ya spika, nira miguuni. Simba akaingiza basi yadini, akafunga mlango, akabaki ameshika kitasa.

Baba mdogo alionekana dirishani ghorofani. Pazia likashuka. Mlinzi akaja kwa heshima, akamwomba Bibi apande kumwona bwana Gondai. Bibi akamwambia kwamba Gondai amemzaa mwenyewe, uongo wake anaujua tangu akinyonya. Hamtaki yeye.

"Namtaka yule binti. Atoke anitazame, aseme Chemhare imesitishwa. Akisema yeye kwa kinywa chake, nitaamini. Nitarudi kwa miguu."

Watu wamejaa. Yule mama wa godoro yupo. Mzee wa baiskeli yupo. Wote wanatazama mlango wa ofisi, wakingoja dada mrefu mwenye wigi.

Kisha Bibi akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Nenda wewe, mjukuu wangu. Wewe mpole, watakuruhusu kuingia. Mwambie asiogope, simgombezi. Mpe hizi."

Karanga. Amezikaanga asubuhi, bado zina joto kwenye mapaja yangu.

Nikimwambia, hataiamini tena hata ile "Chemhare" nzuri. Nisipomwambia, atakaa pale mpaka giza, akimngoja mtu ambaye hayupo ndani.

Spika imesema tena sasa hivi. Kwa tabasamu lile lile. Bibi ameinua kichwa. Sasa amegeuka, anatazama upande wa kibanda.

"Shuvai! Umempata?"

Nasimama. Wewe daftari nyamaza, kama ulivyonyamaza siku zote hizi. Usimwambie mtu. Usimwambie Bibi kabla yangu.