Madonge Makavu, Mchuzi Pembeni

Mama Neema,

Kwanza usinicheke. Mikono yangu inanuka kitunguu saumu, mimi huyu, Msukuma niliyezaliwa karibu na zizi, na nimeshaiosha kwa sabuni ya mche na bado inanuka. Ungekuwepo ungeita jirani aje kunusa. Nimekaa hapa uani, kwenye kigoda chako, maana viti vya ndani naona vikubwa mno kwa mtu mmoja, na nimeona nikuandikie kabla mkaa haujazimika.

Nikuambie yaliyotokea tangu tukuache kule shambani Kasokola. Siku za msiba nyumba ilijaa. Mikeka hadi barazani, watoto wa watu wanalia, wanawake wanakoroga masufuria, mimi naletewa chai hata bila kuomba. Nikasema moyoni, jamani hawa watu wataondoka lini nipumue? Basi wakaondoka. Wakaanua turubai, wakabeba masufuria yao, wakaniambia pole mzee, tupo pamoja. Ee, pamoja. Kesho yake nikasikia kuku wako wanakwaruza chini pale karibu na bafu, nikajua kwamba sijawahi kusikia kuku wakikwaruza nikiwa ndani ya nyumba hii, kwa sababu siku zote ulikuwa unaongea.

Nina upweke, mke wangu. Nalisema hivyo hivyo, sina maneno ya kulipamba. Jioni nikifunga mlango wa uani nasema, "Mama Neema, umefungia kuku?" kisha nasimama na komeo mkononi. Halafu naenda kuwafungia mwenyewe.

Kula nako nikaona kazi. Ugali na maziwa mgando mchana, usiku maziwa mgando bila ugali. Mama Kulwa, huyu jirani yako mwenye mdomo usio na kufuli, akanitazama juu ya ua akaniambia suruali sasa inanivaa yenyewe badala ya mimi kuivaa. Nikamwambia aangalie ya kwake. Kumbe alikuwa na namba ya Neema kwenye simu.

Mwanao akapiga kutoka Tabora. Hakusalimia sana. Akasema, "Baba, nakuja. Nikikuta jiko limepoa, unapanda treni na mimi, hii nyumba tunampangisha mtu." Umemlea wewe huyo, hata sauti ni yako. Nikajibu kwamba mimi ni mzima wa afya na jiko linawaka kila siku. Nikakata simu, nikaenda kulitazama jiko. Buibui alikuwa ameshajenga.

Sasa wewe nielewe. Sina ubaya na Tabora. Ila nikienda kule nitakaa kwenye kochi la mkwe wangu nikitazama televisheni ambayo si yangu, nikiambiwa mzee sogea tupige deki. Na wewe utabaki Kasokola peke yako na magugu. Nani atakupalilia? Nikasema hapana, Neema akija lazima akute mtu anayeishi hapa.

Na nikaona ugali hautoshi kumshawishi. Ugali kila mtu anasonga. Nikasema nitampikia manchuria yako. Mtu anayeweza kupika manchuria, nani atamwambia hawezi kujilisha?

Unakumbuka ulivyonipikia mara ya kwanza? Ulikuwa umetoka kufanya kazi Tabora, kwenye nyumba ya yule Mhindi mwenye duka la vitambaa, familia isiyogusa nyama. Mtoto wao alirudi kutoka masomoni Bombei na hamu ya chakula hicho, Wahindi wa huko wanakipika kwa mtindo wa Kichina, basi mama yake akakufundisha ili usaidiane naye jikoni. Nikaletewa sahani, madonge meusi meusi yanang'aa kwa mchuzi. Nikafurahi, nikajua nyama hiyo. Nikauma, kabichi! Nikakuambia, "Mhindi kapika Kichina, Mkonongo mke wangu kakariri, na Msukuma sasa anakufa njaa." Ukanijibu nirudishe sahani. Sikurudisha. Nilipangusa mchuzi wote kwa kidole, nawe ukanitazama, na kuanzia hapo kila nikirudi kutoka njiani, kazini kwenye reli, nilikuta hicho.

Haya, nikaenda soko. Kabichi, karoti, hoho, vitunguu vya aina zote mbili, tangawizi, na ile chupa ya soya sosi dukani, ambayo muuzaji aliniuliza kama ni dawa ya kuku. Nikakwangua kabichi na karoti, nikatia chumvi na unga wa ngano, na kidogo unga wa muhogo kama ulivyokuwa ukifanya, nikafinyanga, nikatumbukiza kwenye karai. Mama Neema, yale madonge yalitawanyika kwenye mafuta kama mbuzi waliosikia fisi. Nikabaki nachota majani kwa kijiko. Nikaongeza unga. Yakawa mawe. Kuku wako walikataa, na unawajua kuku wako.

Mama Kulwa alikuwa ameegemea ua muda wote, anakula karanga. Alipochoka kucheka akasema, "Baba Neema, kabichi ina maji. Marehemu alikuwa anaitia chumvi, anaiacha itoe jasho, halafu anaikamua." Nikamuuliza mbona hakusema tangu mwanzo. Akasema hakuulizwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, basi nikainama. Nikaitia chumvi, nikaiacha, nikaikamua kwa kitambaa cheupe mpaka mikono ikauma. Na yale maji, akanionya nisiyamwage, uliyatia kwenye mchuzi. Yakashika! Duara, kahawia, yanalia yakiumwa. Nilikula moja nimesimama, nikageuka kukuonyesha.

Unajua jinsi mtu anavyogeuka hivyo.

Siku ya Neema nikaamka mapema kama niko kazini. Treni hufika asubuhi, nikasema mtoto akishuka akute chakula mezani. Nikakaanga madonge yote. Nikaunga mchuzi, saumu na tangawizi kwanza, kitunguu na hoho, soya sosi, nyanya ya kopo, siki kidogo, maji ya kabichi, na kijiko cha unga uliokorogwa kwa maji baridi ili uwe mzito. Ulinukia mpaka barabarani. Nikamimina madonge yote ndani ya mchuzi, nikafunika, nikalifunga sufuria kwa kitenge chako kile cha kijani lisipoe. Nikavaa shati la kanisani. Nikaenda stesheni natembea kifua mbele.

Treni haikuja. Mvua ilikuwa imekula tuta mahali fulani njiani, ikabidi walitengeneze. Mimi nikakaa pale nikiwaeleza watu jinsi tuta linavyojazwa kokoto, maana niliishi humo, miaka yangu yote genge la reli na kiberenge, kile kigari cha kupeleka mafundi njiani, na watu wakanisikiliza kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Mchana ukapita. Jua likaanza kuegemea ndipo nikasikia honi.

Neema akashuka. Amekonda naye, ila hilo sikulisema. Tukapanda bajaji mpaka hapa nyumbani Nsemulwa, njia nzima anatazama suruali yangu. Tukafika, nikamkalisha, nikafungua kitenge, nikafunua sufuria.

Uji. Mama Neema, ulikuwa uji wa kabichi. Hakuna hata donge moja lililosimama. Nikakoroga kwa mwiko nikitafuta hata moja la kumwonyesha, nikaona na macho yanaanza kunisaliti, mzee mzima, nimeshika mwiko nalia kwa sababu ya kabichi. Nikajua nimeshakwenda Tabora.

Neema akasogea akatazama. Akasema, "Baba, umechanganya saa ngapi?"

Nikasema asubuhi.

Akakaa chini, hapa hapa kwenye kigoda chako. Nikadhani ataanza mambo ya kufungasha. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba wewe hukuwahi kuchanganya kabla sijafika. Kwamba madonge yalikuwa sufuria moja, makavu, na mchuzi sufuria nyingine pembeni ya moto, na wewe katikati yake umekaa, hata kama kiberenge kimeharibika huko porini na hujui kama ni jioni hii au kesho. Watoto wakilia njaa unawapa makavu, wewe huli. Wakikuuliza, unasema, "Ngojeni baba yenu aegemeze baiskeli ukutani." Ukisikia baiskeli inagonga ukuta, ndipo unamimina, unageuza mara chache, unapakua. Ukichelewesha ni kavu, ukiwahisha ni uji.

Mimi miaka yote nilijua nina bahati tu. Najua kuna wanaume kwenye genge letu walikuwa wanakuta chakula kimelala, wanalalamika. Mimi nilikuwa nawaambia, mimi kwangu nikifika na chakula kinafika. Nilikuona kila siku umeshika mwiko nikiingia, nikafikiri ndiyo unamaliza kupika. Hukuniambia. Mbona hukuniambia, mwanamke wewe? Ningewahi. Au nisingewahi, reli haina bosi zaidi ya mvua, lakini ningejua kwamba kuna mtu amekaa.

Neema aliula ule uji. Akasonga ugali, akaufanya mboga, akala na akanilazimisha nile. Ulikuwa mtamu, hilo nikuambie, mchuzi sikukosea.

Kesho yake akasema anakwenda kumsalimia Mama Kulwa, na kwamba akirudi anataka kula. Hakusema atarudi saa ngapi. Nikamwelewa. Nikakwangua, nikakamua, nikakaanga. Madonge kwenye sufuria kavu, mchuzi pembeni. Nikakaa. Aisee, kukaa kule kuna kazi yake! Kila ndala inayopita nje unainua shingo. Unasogeza mkaa, unaupunguza. Unataka kuinuka uchungulie na unaogopa mchuzi utashika chini. Nikasikia mwishowe komeo la geti na ile miguu yake ya kuburuza, umemkanya tangu mdogo na hajaacha. Nikamimina, nikageuza, nikapakua. Alipoingia nilikuwa nimeshika mwiko.

Alikula. Donge likalia kwenye meno yake, nikalisikia. Akapangusa sahani kwa kidole, kisha akasema, "Basi, baba. Baki."

Akaondoka na treni iliyofuata. Kila Jumapili anapiga simu kuuliza nimekula nini, na simdanganyi.

Nimeshinda basi, nyumba ni yangu na wewe una mtu wa kukupalilia. Ungetegemea nimefurahi. Nilifurahi siku hiyo yote. Ila leo nimepika tena, peke yangu. Madonge yakatoka vizuri kuliko yote, hata wewe ungenyamaza. Nikayaweka kwenye sufuria kavu, nikaweka mchuzi pembeni ya moto, nikakaa kwenye kigoda. Halafu nikajiuliza, sasa nachanganya lini? Hakuna baiskeli ya kugonga ukuta. Baiskeli ni yangu, iko pale, na mwenye baiskeli ndiye huyu aliyekaa. Nimemwita Mama Kulwa juu ya ua, mjukuu wake akasema bibi yuko shamba hadi Ijumaa. Nikakaa tu. Mchuzi ukawa mzito nikauongeza maji, ukawa mzito tena.

Nimekula makavu, mke wangu, kama watoto.

Jumapili baada ya misa nakuja Kasokola na jembe. Mvua hizi zimenyanyua magugu, najua hupendi uchafu mlangoni kwako. Nitang'oa yote, nitaweka mawe pembeni maji yasile udongo, hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Na kuku nitawafungia kila jioni, usiwe na wasiwasi. Nitaendelea kupika pia. Mama Kulwa akirudi nitamgongea ua, akae hapa aseme maneno yake yote, nimimine akiwa anaingia.

Kwa heri kwa sasa, Mama Neema. Kama huko uliko umeshakaa katikati ya masufuria mawili, na nakujua, umekaa, nakuomba kitu kimoja tu. Usichanganye bado. Bado niko njiani, na unakijua kiberenge changu kinavyochelewa. Ila nitafika, na nitaiegemeza baiskeli ukutani kwa nguvu ili usikie.

Mimi mumeo,
Baba Neema