Kilichobaki Kwenye Barafu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umesimama kwa miguu yako, wewe na wifi na wanangu wote. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijakaa sawa, na utajua sababu kabla hujafika mwisho. Ningekupigia simu, lakini simu haina sahihi, na wewe utahitaji karatasi; naituma kwa basi la leo leo.

Wifi alinipigia juzi akilia. Alisema siku hizi ukitoka kiwandani unapepesuka, unacheka ovyo, unachanganya majina ya watoto, na kwamba mwanamume aliyemuoa akiwa hajui hata ladha ya bia amekuwa mlevi ukubwani. Aliniomba nikukanye, eti mimi kitinda mimba ndiye pekee unayemsikiliza. Nilimuuliza ulianza lini. Akasema wiki tatu sasa, tangu mfungue yale mapipa mapya ya dawa ya kuyeyushia gundi ya viatu. Jibu nilikuwa nalijua, Kaka.

Nikueleze kwanza kazi yangu, maana wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako anapima moshi. Sipimi moshi. Kila kimiminika hutoa mvuke, na mvuke husukuma. Kadiri unavyosukuma zaidi, ndivyo unavyojaa haraka chumbani na vifuani mwa watu. Msukumo huo tunauita kanieneo ya mvuke. Tunafunga sampuli kwenye chupa, tunaizamisha kwenye maji ya nyuzi thelathini, tunasoma zebaki imepanda milimita ngapi. Ila kwanza lazima pampu ifyonze hewa iliyojificha ndani ya sampuli, la sivyo hewa nayo itasukuma na kipimo kitadanganya. Kati ya sampuli na pampu kuna kichupa kilichozama kwenye barafu kavu, kazi yake kudaka mvuke na kuugeuza majimaji usiharibu pampu.

Siku moja, kabla ninyi hamjafungua mapipa hayo, nililetewa sampuli ambayo muuzaji wake aliandika kanieneo yake ni milimita thelathini na saba. Mimi nikapata sitini na moja. Mkuu wa maabara, ambaye tunamwita Bwana Desimali kwa sababu hata umri wa mwanawe anautaja kwa nukta, akasema nimeacha hewa, nifyonze tena. Nikapata hamsini na mbili. Akasema nirudie, na safari hii akaongeza kwamba ajira yangu ya kudumu inajadiliwa Ijumaa na asingependa kuwaambia wenzake kuwa sijui kutoa hewa. Nilifyonza mara tano. Mara ya tano zebaki ikasimama kwenye thelathini na nane, Bwana Desimali akanipongeza, nami nikatia sahihi kwenye cheti.

Sasa sikia nililolificha. Nilipokwenda kusafisha kile kichupa cha kwenye barafu, nilikikuta kimejaa nusu. Matone mawili matatu ni kawaida, nusu kichupa si kawaida, na hewa haigeuki majimaji kwenye barafu ile. Hata harufu ilikuwa nyingine. Nilielewa papo hapo kwamba kuna mtu alichanganya kitu chepesi ndani ya mapipa ilikotoka sampuli, nami kwa kufyonza na kufyonza nilikuwa nimekitoa chote, nikapima masalio. Kipimo cha kwanza ndicho kilikuwa cha kweli. Nikafikiria Ijumaa. Nikakimimina kwenye sinki na kufungulia maji.

Sampuli huja kwetu na namba tu, kwa hiyo sikujua mapipa yanakwenda wapi. Ndipo ikaja barua yako, siku kumi zilizopita. Ulijisifu kwamba gundi sasa inakauka kabla mtu hajapepesa macho, na kwamba watu wako walipolalamika vichwa vinawauma, uliwaonyesha cheti ukutani, ukawaambia sahihi ile ni ya mdogo wako, na mdogo wako hakosei. Siku kumi, Kaka, nimejua na nimenyamaza, nikijiambia nusu kichupa si kitu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imepita kifuani mwako. Nina aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Leo asubuhi nimemwandikia Bwana Desimali yote na kuifuta sahihi yangu. Sampuli iliyobaki nimeifungia kabatini ili aipime mtu mwingine. Ajira, tutaona. Wewe toa watu kwenye chumba cha gundi, fungua madirisha, mtu asiwashe hata kiberiti, kisha nendeni hospitali na barua hii. Mwambie wifi hukunywa. Mwambie ni mimi niliyekulewesha.

Nisalimie wote, na watoto wabusu mmoja mmoja kwa jina lake. Halafu, tafadhali, ibandue ile karatasi ukutani ubandike hii. Sahihi ni ile ile.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekosea.